Shajara ya mradi: ramani ya gesi ya haidrojeni ya miaka bilioni 11 iliyopita

Januari, mwanzo wa muhula

Ubao wa chumba cha nyuma, hapa Sinza, sasa una lengo moja tu: kuchora upya, kwa programu tutakayoiandika wenyewe, ramani ya pande tatu ya gesi ya haidrojeni iliyotanda kati ya galaksi wakati ulimwengu ulipokuwa na umri wa karibu miaka bilioni 3. Leo una umri wa miaka bilioni 13.8.

Tuko watatu. Mimi nafundisha fizikia sekondari. Dada yetu wa hesabu alisomea takwimu Mlimani, na mchana anachambua data za kampuni moja hapa mjini. Wa tatu ni kijana wa chuo, mwaka wa tatu, mwepesi kuliko sote kwenye Python. Darubini hatuna, na kwa kazi hii hatuihitaji, kwa kuwa mwanga umeshakusanywa. Watafiti wa mradi wa CLAMATO walitumia darubini ya Keck I, yenye kioo cha mita 10 juu ya mlima Mauna Kea huko Hawaii, wakapima spektra (mwanga uliotawanywa rangi kwa rangi) za galaksi hafifu za mbali, kisha wakaziweka wazi kwa yeyote anayezitaka. Toleo la kwanza, la mwaka 2018, lilijengwa kwa galaksi na kwaza 240 (kwaza ni kiini king'aavu mno cha galaksi, kinachowashwa na shimo jeusi). Kinachotakiwa kwetu ni bando, kompyuta mbili na subira.

Ramani yao ipo na mtu anaweza kuipakua ikiwa tayari. Sisi tunataka kuijenga kuanzia chini, hatua kwa hatua, ili mwanafunzi wa hapa akiuliza "mmejuaje?" tuwe na jibu tulilolipitia wenyewe.

Januari, siku za mwisho

Jioni nzima imeisha kwenye fizikia yenyewe, kwa sababu kijana alikataa kuandika hata mstari mmoja wa programu kabla hajaelewa. Nilifurahi sana.

Haidrojeni ni karibu robo tatu ya uzito wa maada ya kawaida. Wakati ule wa zamani sehemu kubwa yake haikuwa ndani ya nyota wala ndani ya galaksi, bali ilikuwa imesambaa katikati kwa nyuzi na tandabui kubwa mno, nyembamba kiasi kwamba haitoi mwanga wa kutosha kupigwa picha kirahisi. Lakini atomi ya haidrojeni iliyotulia humeza mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 121.6, elektroni yake ikapanda kutoka ngazi ya kwanza hadi ya pili. Mstari huo una jina la Theodore Lyman wa Harvard, aliyechapisha vipimo vyake mwaka 1906, nasi tunauita Lyman-alfa. Ni mwanga wa urujuanimno. Kama ungetufikia ukiwa na urefu uleule, hewa yetu ingeuzuia wote.

Kinachotuokoa ni upanukaji wa ulimwengu. Mwanga wa galaksi ya mbali hunyooshwa njia nzima. Ukipita kwenye wingu la haidrojeni, wingu hilo humeza ile rangi ambayo, mahali hapo na wakati huo, imefikia nanomita 121.6. Mkato unabaki, na kuanzia hapo unanyooshwa pamoja na mwanga mwingine wote. Wingu lililo karibu na galaksi ile ya nyuma linaacha mkato wake upande wa mawimbi marefu, na lililo karibu nasi linauacha upande wa mawimbi mafupi. Kwa hiyo spektra moja inabeba orodha ya mawingu yote yaliyopitiwa njiani, kila moja mahali pake. Huo ndio msitu wa Lyman-alfa, ambao Roger Lynds aliuona mwaka 1971 kwenye spektra ya kwaza 4C 05.34.

Kijana akauliza kwa nini tusitumie redio, maana amesoma kwamba haidrojeni ina mstari wake wa sentimita 21 na kwamba Afrika Kusini wana darubini ya redio ya MeerKAT. Swali zuri. Gesi tunayoitafuta imevuliwa elektroni karibu yote na mwanga mkali wa kwaza na galaksi za wakati ule. Gunn na Peterson walishaonyesha mwaka 1965 kwamba kama haidrojeni hiyo ingebaki nzima, hata sehemu yake ndogo tu ingezima kabisa mwanga unaopita. Mwanga unatufikia, kwa hiyo atomi zilizobaki nzima ni chache mno, kwenye moja kati ya laki moja au pungufu. Kwa redio idadi hiyo ni hafifu kupita kiasi. Kwa Lyman-alfa, ambao ni mmezo mkali ajabu, inatosha kabisa kuacha alama.

Februari

Tumepakua spektra zote. Faili zenyewe si kubwa, nilitarajia mzigo zaidi.

Eneo letu la anga ni sehemu ya uwanja wa COSMOS, kipande cha nyuzi mraba 2 ambacho karibu kila darubini kubwa duniani imeshakitazama. CLAMATO walichukua sehemu ndogo ya hapo, pungufu kidogo ya uso wa mwezi mpevu. Ila kwa kina ni jambo jingine. Wanaanzia mhamo mwekundu (kipimo cha jinsi mwanga ulivyonyooshwa njiani, kinachokua kwa umbali) wa 2.05 hadi 2.55, na hiyo inatoa boksi refu jembamba: upana wa takriban miaka ya nuru milioni 140 kwa milioni 110, na kina cha karibu bilioni 2, kwa kipimo cha umbali wa leo. Lyman-alfa ya boksi hilo inatufikia kati ya nanomita 371 na 432, yaani kwenye ukingo wa urujuani ambapo jicho la mtu linaanza kuona. Chini kidogo ya hapo hewa inaanza kufunga mlango. Ndiyo maana ramani za namna hii kutoka ardhini zinaanzia mhamo wa 2 hivi na kwenda mbali zaidi. Haidrojeni ya karibu nasi inahitaji darubini iliyo angani.

Dada alitaka kujua kwa nini watafiti walijitesa na galaksi hafifu wakati kwaza zinang'aa mara nyingi zaidi. Jibu ni idadi. Kwaza ni nadra, na ukizitegemea peke yake mistari yako ya kutazamia inapishana mbali mno, unapata nyuzi zisizoungana. Ili kujaza nafasi kati ya mstari mmoja na mwingine unahitaji vyanzo vingi kwa kila nyuzi mraba, na ni galaksi za kawaida tu zenye wingi huo. Kwa miaka mingi iliaminika kazi hii itasubiri darubini za mita 30. Khee-Gan Lee na wenzake ndio waliopiga hesabu upya na kuonyesha kwamba ukikubali spektra zenye kelele, darubini za mita 8 hadi 10 zinatosha. Mwaka 2014 wakachapisha ramani ya kwanza kwa galaksi 24 tu. Napenda sana hatua hiyo. Walishusha sharti la ubora wa spektra moja moja, wakaegemea wingi wake.

Machi, mvua zimeanza

Tumeanza na galaksi moja na kukaa nayo muda mrefu. Ukiifungua kwenye skrini huoni uzuri wowote, mstari unaruka juu na chini kila mahali, na uwiano wa ishara kwa kelele ni kama 2 kwa kila nukta. Upande wa kulia wa Lyman-alfa ya galaksi yenyewe mstari unatulia kidogo. Upande wa kushoto unashuka, kwa sababu sehemu ya mwanga imeliwa njiani. Kwenye mhamo wa 2.3 msitu unakula kwa wastani kama asilimia 15.

Kazi ya kwanza ni kukisia galaksi ile ingeonekanaje kama gesi isingekuwepo njiani. Tunachukua umbo la wastani la spektra za galaksi za aina yake, tunalinyoosha kulingana na mhamo wake, kisha tunalirekebisha ili mmezo wa wastani ulingane na ule unaojulikana kutokana na kwaza. Tunatumia sehemu iliyo kati ya nanomita 104.1 na 118.5 kwa kipimo cha galaksi yenyewe. Ukienda chini zaidi unaingia kwenye mstari mwingine wa haidrojeni, Lyman-beta, ukipanda zaidi unakaribia mno gesi ya galaksi.

Halafu kuna kufunika. Ndani ya sehemu hiyo galaksi ina mikato yake yenyewe isiyohusiana na gesi ya njiani: naitrojeni kwenye 108.4 na 113.4, kaboni kwenye 117.6. Usipoifunika, programu itachora wingu pasipo na wingu, tena kwa kila galaksi mahali tofauti, na hutaligundua kwa macho.

Dada akauliza kitu kilichonipa raha ya kufundisha: nanomita 0.1 ya tofauti kwenye mwanga huu ni umbali gani? Tulipiga hesabu pamoja. Karibu na nanomita 400, ni zaidi ya miaka ya nuru milioni 3. Umbali wa kutoka hapa hadi galaksi ya Andromeda ni milioni 2.5. Kijana alinyamaza, kisha akarudia hesabu mwenyewe kwenye daftari.

Umeme unakatika karibu kila mvua kubwa. Programu sasa inahifadhi matokeo baada ya kila galaksi, na ukirudi umeme inaendelea pale ilipoishia.

Aprili

Mwezi huu, saa tatu usiku, uwanja wa COSMOS unapita karibu kabisa na utosi wa anga ya Dar. Uko chini ya kundinyota la Simba, nyuzi 2 tu kaskazini ya ikweta ya anga, nasi tuko nyuzi karibu 7 kusini. Kila mwanafunzi ninayemfundisha anaishi chini ya kipande hiki. Kwa macho hakina kitu, hata nyota moja ya maana, na kwa masika haya mara nyingi hata Regulus haionekani. Bado nimewaeleza darasani mahali pa kutazama, na mawingu yalipofunguka wengine walitoka nje wakatazama.

Upande wa kazi, tumefika kwenye ramani yenyewe na tumekutana na ukuta. Mbinu ni kichujio cha Wiener. Kila nukta ya kila spektra ni kipimo kimoja cha gesi, chenye kelele, kwenye mstari mmoja mwembamba. Kichujio kinachukua vipimo vyote na kukadiria gesi ya mahali popote katikati, kwa kuchukulia kwamba gesi ya mahali pawili palipo karibu hufanana, na kufanana huko hupungua kwa kadiri ya umbali. CLAMATO walichukua umbali wa kufanana wa takriban miaka ya nuru milioni 12 kwenda pembeni na milioni 9 kwa kina. Nasi tunaanza na hivyo hivyo.

Hesabu inadai matriksi ya kila nukta dhidi ya kila nukta. Tukiwa na nukta 60,000, hiyo ni namba bilioni 3.6, na kwa baiti 8 kila moja unahitaji gigabaiti karibu 29 za kumbukumbu. Kompyuta yetu kubwa ina 16. Watafiti walikwepa hilo kwa mbinu ya gradienti mshirika, ya Hestenes na Stiefel ya mwaka 1952, ambayo haihitaji kuhifadhi matriksi nzima. Kila namba inakokotolewa inapohitajika na kuachwa. Kijana anaiandika.

Mei, kabla mvua hazijakatika

Shemeji amepita Dar kwa likizo. Ni mjiolojia kwenye mgodi mmoja wa dhahabu Kanda ya Ziwa, na kazi yake ni kukadiria dhahabu iliyoko chini kutokana na mashimo ya uchorongaji. Nilimwekea chai, akawa anausoma ubao wakati tunabishana kuhusu kumbukumbu ya kompyuta.

"Shemeji," akasema, "hii mbona ni kriging?"

Akachukua chaki. Akaandika fomula yao chini ya fomula yetu, na kweli, ukishajua wastani, ni fomula moja, herufi tu zimebadilishana. Jina lake linatokana na Danie Krige, mhandisi wa madini wa Afrika Kusini, aliyeianza mwaka 1951 kwenye migodi ya Witwatersrand ili kukisia dhahabu kati ya sampuli chache. Georges Matheron wa Ufaransa akaijengea nadharia kamili. Norbert Wiener alikuwa ameifikia kwa njia yake huko Marekani, akitafuta kuchuja kelele kwenye ishara, na kitabu chake kilitoka mwaka 1949. Kwa hiyo spektra zetu ni mashimo ya uchorongaji, kila moja imeshuka mara moja tu, wima, na katikati ya shimo na shimo hakuna aliyefika.

Kisha akauliza maswali mawili ambayo yameubadilisha mradi huu.

La kwanza: "Huo umbali wa kufanana mmeupata kwenye data yenu au mmepewa?" Dada akamjibu kwamba umetoka kwa watafiti, nao waliuchagua kwa kuujaribu kwenye ulimwengu wa kuigiza wa kompyuta. Shemeji akakubali, ila akasema tuujaribu kwa kuupunguza na kuuongeza tuone nini kinabaki.

La pili: "Na ramani ya variansi iko wapi?"

Variansi ni kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika, yaani kiasi cha shaka kwenye kila kadirio. Tukamwambia itakuja baadaye. Akatikisa kichwa. "Kwetu hakuna baadaye. Ukimpelekea mkubwa ramani ya dhahabu bila variansi, anakurudishia. Mtu atakwenda kuchimba pasipo na kitu."

Hapa nataka nieleze kwa kirefu, kwa sababu naamini ndiyo kiini cha kazi yote. Chukua nukta moja yenye uwiano wa ishara kwa kelele wa 2. Variansi ya kelele yake ni kama 0.25. Variansi ya gesi yenyewe, tuliyoiweka mwanzoni kama CLAMATO, ni 0.05. Kichujio kinaipa nukta hiyo uzito wa 0.05 kugawanya kwa 0.30, yaani sehemu moja ya sita. Uwiano ukiwa 1, uzito unashuka hadi chini ya asilimia 5. Nukta jirani zinasaidiana, na mstari jirani ulio umbali wa miaka ya nuru milioni 12 bado unahusiana nayo kwa 0.61, hivyo kwa pamoja zinajenga jambo. Lakini mahali ambapo hakuna mstari uliopita karibu, uzito unaelekea sifuri, na kichujio kinajaza kwa wastani wa ulimwengu. Kwenye picha pale panapata rangi ya katikati, tulivu, inayopendeza. Anayetazama atasema: hapa gesi ni ya kawaida. Ukweli ni kwamba hapa hakuna aliyepima.

Utupu uliopimwa ni ugunduzi. Pasipopimwa si kitu chochote. Ramani inayovipaka rangi zinazofanana inampotosha msomaji hata kama kila namba ndani yake ni sahihi. Tumekubaliana jioni hiyohiyo: hakuna kipande cha ramani kitakachotoka kwenye chumba hiki bila kipande chake cha variansi, na popote variansi iliyobaki inapozidi robo tatu ya ile ya mwanzo, tunafunika kwa kijivu.

Shemeji alituachia na dawa ya ukuta wetu. Mgodini hawatumii mashimo yote kukadiria kila mahali; wanatumia yale tu yaliyo ndani ya duara la utafutaji. Kwetu uhusiano ukifika mara tatu ya umbali wa kufanana unabaki 0.011, kwa hiyo nukta za mbali zaidi ya hapo hazina mchango wa maana. Kila eneo la ramani linahitaji majirani zake tu. Matriksi kubwa imevunjika kuwa nyingi ndogo, na kompyuta ya gigabaiti 16 inatosha na kubaki. Gradienti mshirika ya kijana haijapotea, tunaitumia kuhakikisha njia zote mbili zinatoa jibu moja. Zinatoa.

Juni

Ramani ya kwanza nzima imetoka. Visanduku vyake ni milioni 2.5, kila kimoja na upande wa zaidi kidogo ya miaka ya nuru milioni 2. Variansi tumeikokotoa kwa visanduku vikubwa zaidi, maana ni kazi nzito: kila kisanduku kinadai kutatua mfumo wake.

Nilipoona nyuzi za gesi zinajitokeza kutoka kwenye ile mistari iliyokuwa ikirukaruka Machi, nilishindwa kukaa kwenye kiti. Lakini tumeipiga majaribio kabla ya kumwonyesha mtu.

Jaribio la dada: gawa galaksi makundi mawili kwa bahati nasibu, chora ramani mbili, zilinganishe. Miundo mikubwa, yenye upana wa makumi ya mamilioni ya miaka ya nuru, inabaki kwenye zote mbili. Vifundo vidogo vingi vinatoweka kwenye moja. Jaribio la kijana: weka kelele tupu mahali pa data, acha mistari palepale. Kelele nayo inatoa vifundo! Vidogo, hafifu, lakini ukiviona peke yake ungeviamini. Kuanzia hapo hatutaji kifundo chochote kisichozidi vile vya kelele tupu. Jaribio la shemeji, la kupunguza na kuongeza umbali wa kufanana, limetuonyesha kwamba mipaka ya miundo inasogea lakini vitovu vyake vinatulia.

Kijivu kimefunika pembe za boksi na vipande kadhaa vya ndani. Kijana alisikitika kidogo kwa sababu moja ya sehemu alizozipenda imefunikwa. Dada akamwambia, "Mdogo wangu, ukiipenda sana, iombee galaksi." Na ni kweli, toleo la pili la CLAMATO, la mwaka 2022, lina vyanzo 320, na huenda mmojawapo ukapita hapo.

Julai

Tumeanza kulinganisha na kinachojulikana. Kwenye mhamo wa 2.45, yaani mwanga wa karibu nanomita 419, ramani yetu ina mmezo mkubwa kuliko popote, mpana, wenye matawi. Hapo ndipo penye Hyperion, mkusanyiko mkubwa wa makundi machanga ya galaksi uliotangazwa mwaka 2018 na Olga Cucciati na wenzake. Wao waliuona kwa kuhesabu galaksi. Sisi hatukutumia galaksi hata moja ya Hyperion kuichora gesi yake. Tulitumia mwanga wa galaksi zilizo nyuma zaidi. Njia mbili zisizotegemeana zimekutana mahali pamoja, na variansi pale ni ndogo, mistari imepita mingi. Dada alisimama mbele ya skrini akasema, "Mwalimu, hii ni ya kweli." Ndivyo ninavyoamini mimi pia.

Kwenye mhamo wa 2.30 mambo ni magumu zaidi, na hapo ndipo napapenda zaidi. Galaksi zimejazana pale. Kundi hilo changa linaitwa COSTCO-I. Kwa kawaida penye galaksi nyingi pana gesi nyingi, na penye gesi nyingi mmezo huongezeka. Ramani pale haionyeshi mmezo wa kiasi hicho. Mwanga unapita kama vile ni mahali pa kawaida. Mwaka 2023 Chenze Dong na wenzake walieleza kwamba gesi ya pale imepashwa joto kiasi kwamba atomi nzima zimekuwa adimu zaidi, hivyo haidrojeni ipo lakini haimezi. Kilichoipasha kinaweza kuwa mporomoko wa gesi yenyewe chini ya mvutano, au nguvu inayotoka kwenye mashimo meusi ya galaksi za humo, na mjadala unaendelea.

Sasa fikiria mtu anayetazama ramani isiyo na variansi. Rangi ya katikati pale COSTCO-I na rangi ya katikati pembeni mwa boksi, ambako hakuna aliyepima, ni ileile. Moja ni jambo kubwa la fizikia, nyingine ni ukosefu wa galaksi ya nyuma. Kwenye ramani yetu pembeni ni kijivu, na pale 2.30 pako wazi, variansi ni ndogo. Tumepima, na ni kweli mmezo wa ziada haupo. Nimempigia shemeji simu usiku kumweleza. Alicheka kwa furaha, akaniomba nimtumie picha zote mbili, ya gesi na ya variansi.

Kuna upande wa pili pia. Mradi wa LATIS, unaotumia darubini ya Magellan huko Chile na kufunika eneo kubwa zaidi, ulitangaza mwaka 2022 sehemu zenye mmezo mkali lakini zenye galaksi chache kuliko ilivyotarajiwa. Gesi bila galaksi zake, na galaksi bila gesi yake. Ndiyo sababu ramani ya galaksi peke yake haitoshi.

Agosti, baada ya Nane Nane

Tumechapa vipande viwili kwa karatasi kubwa kwa ajili ya darasa: mhamo wa 2.45 na 2.30, kila kimoja na variansi yake pembeni kwa ukubwa uleule. Kijana wa duka la uchapaji Kariakoo alishauri tuondoe sehemu za kijivu ili picha ing'ae zaidi, nikamweleza ni za nini, akaziacha na hata akaongeza weusi wa kijivu ili usichanganyike na rangi nyingine kwenye karatasi.

Wanafunzi wa kidato cha tatu wameshazitumia. Niliwapa swali moja: onyesheni mahali ambapo ungeomba usiku mmoja wa darubini. Wengi walikwenda moja kwa moja kwenye kijivu. Binti mmoja akachagua mpaka wa COSTCO-I, akitaka kujua joto linaishia wapi. Sikuwa nimelifikiria, na nimeliandika ubaoni kwa jina la darasa lake.

Kazi za mwezi ujao: kuingiza spektra za toleo la 2022 na kuona kijivu kinapungua wapi, kurudia hesabu ya variansi kwa visanduku vidogo kuzunguka mhamo wa 2.30, tupate wasifu wa mmezo kutoka kitovuni kwenda nje, pamoja na kiasi cha shaka kwa kila hatua. Na dada ataandika maelezo ya programu kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, kabla hatujaiweka wazi. Kijana anamsaidia mwenzake mwenye mitihani ya marudio, kwa hiyo atarudi wiki ya pili.